Prosesa Inangoja Nini? Hesabu ya Kompyuta Moja Kuukuu

Mwezi wa Julai mwaka jana tulikuwa wanafunzi wanne wenye kompyuta moja, saa 31 za sauti na dola 140. Kompyuta hiyo ilikuwa nzito hivi: ukifungua faili ya mahojiano katika programu ya ELAN, ulikuwa na muda wa kutoka, kununua vitumbua kwa mama anayeuza kando ya lango, kumsalimia vizuri, na kurudi ukikuta dirisha bado jeupe. Saa 31 zilikuwa mahojiano yetu na wastaafu wa migodi na viwanda katika Shituru, Panda na Kikula, juu ya maneno ya kazini waliyoyatumia tangu enzi mji huu wa Likasi ukiitwa Jadotville. Tasnifu nne zilitegemea sauti hizo. Dola 140 zilikuwa jasho letu sote: masomo ya jioni tuliyowafundisha watoto wa majirani, mchango wa mama mkubwa wa mwenzetu mmoja, na salio la nauli.

Fundi tuliyemwendea ana kibanda karibu na soko. Aliifungua mashini, akapuliza vumbi, akatazama ndani kwa muda mrefu kama daktari, kisha akasema: “Mudogo, prosesere ya hii mashini ni ya zamani sana. Tunatosha karti-meri na prosesere yake, tunatia ya i5, itakimbia.” Bei yake ilikuwa dola 130, kazi ikiwemo.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi niseme kwamba huku kwetu *kutosha* ni kutoa kitu mahali kilipo. Yaya fundi hakusema kwamba ubao ule unatosha, alisema uondolewe. Nilitembea nyumbani nikilichezea neno hilo kichwani, kwa sababu maana zote mbili ndizo zilikuwa swali letu: tuutoshe, au unatosha?

Mimi si mwanafunzi wa informatiki. Lakini wengi katika kitivo chetu tunafanyia kazi mashini zilizofika hapa zikiwa zimekwisha kustaafu mahali pengine, na karibu kila mmoja wetu ataambiwa siku moja maneno kama yale ya fundi. Naandika jinsi tulivyofikia jibu, pamoja na tulichokipoteza njiani.

Ubao na upatanisho wake

Prosesa ndiyo sehemu inayotekeleza amri za programu, moja baada ya nyingine, mabilioni kwa sekunde. Ubao mama, ambao mafundi wetu huuita karti-meri kwa kufuata Kifaransa, ni bamba kubwa ambalo prosesa, kumbukumbu, diski na vitu vingine vyote hukutania. Juu yake na ndani yake mna vijia vyembamba vya shaba. Papa mmoja tuliyemhoji, ambaye alikula maisha yake katika kusafisha shaba pale Shituru, alionyeshwa ubao wa mashini mbovu akacheka: “Ni haka kashaba kadogo ndiko kanawashinda?”

Mashini yetu ni OptiPlex 780, kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Prosesa yake ni Core 2 Duo E8400, iliyotoka mwaka 2008, yenye viini viwili na mwendo wa gigahezi 3. Inakaa katika soketi iitwayo LGA 775. Namba hiyo ni hesabu ya nukta za kugusana kati ya prosesa na ubao. Prosesa ambayo fundi alitaka kututilia ni Core i5-2400 ya mwaka 2011, yenye viini vinne, na soketi yake ni LGA 1155. Huwezi kuiingiza ya pili katika makao ya ya kwanza. Ndiyo maana fundi hakutaja prosesa peke yake: ukivuka kizazi, lazima ubao nao ubadilike.

Hapo ndipo mtu wa lugha anaweza kuelewa upesi kuliko mtu wa hesabu. Ubao mama ni kama nomino katika sentensi. Ukibadilisha nomino ukaitoa katika ngeli moja na kuitia katika nyingine, hubadilishi neno moja. Kivumishi, kionyeshi na kitenzi vyote vinakugeukia vikidai viambishi vipya. Na ubao hauna uvumilivu wa Kiswahili cha Likasi, ambamo tunaweza kusema *kitabu yangu* na kila mtu akatuelewa. Ubao ukidai upatanisho, ni upatanisho au giza.

Upatanisho wa kwanza ni wa kumbukumbu ya kazi, ile tunayoiita RAM. Sisi tulikuwa na bahati, kwa kuwa OptiPlex 780 hutumia RAM ya aina ya DDR3 na mbao nyingi za i5-2400 pia huitumia. Mwenye OptiPlex 760, dada yake mkubwa, ana DDR2, na hiyo haiingii kabisa. Hapo bei ya RAM mpya inaongezeka juu ya bei ya ubao. Anayeruka hadi mashini za DDR4 naye ataiacha DDR3 yake kapuni.

Upatanisho wa pili ni wa umbo na umeme. Kompyuta za ofisini hazikujengwa kama zile ambazo mtu hujikusanyia mwenyewe. Ubao wa 780 haufuati umbo la kawaida, kwa hiyo mashimo ya skrubu katika kasha lake hayalingani na ubao wa kawaida. Tulipomuuliza fundi, alijibu bila wasiwasi kwamba atatoboa mengine. Huenda angefaulu, mafundi wetu wamefanya mambo makubwa kuliko hayo. Lakini kuna pia waya za kitufe cha kuwasha, feni, na plagi ya kisanduku cha umeme. Kwa OptiPlex 9020, kwa mfano, plagi kuu ya umeme kwenye ubao ina pini 8, si 24 kama ilivyo kawaida. Mtu aliyenunua ubao kwanza na kuuliza baadaye hujikuta akinunua kasha, kisha kisanduku cha umeme, na mwisho anagundua kwamba amenunua kompyuta nyingine vipande vipande, kwa bei ya juu kuliko kompyuta nzima.

Upatanisho wa tatu hauonekani kwa macho. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya ofisini imefungamanishwa na ubao wake. Ubao ukiondoka, leseni inaondoka nao. Na yule anayedhani atapata Windows 11 kwa njia hii ajue kwamba kwa prosesa za Intel mfumo huo rasmi unaanzia kizazi cha 8. Ile i5-2400 ni ya kizazi cha 2. Sisi tungelipa dola 130 na bado tungebaki upande uleule wa mto, huku Windows 10 ikikaribia tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma.

Haya yote, hata hivyo, ni gharama tu. Mtu hulipa gharama akijua atapata kitu. Swali lenyewe lilikuwa bado halijajibiwa: je, ingekimbia?

Mwandishi mwepesi na mkanda wa mbali

Tuchukue mtu ananakili mahojiano kwa mkono. Mkono wake ni mwepesi, lakini kanda zimewekwa upande wa pili wa mji, na kila anapomaliza kipande, mjumbe anatembea kwenda kuleta kingine. Katika kila dakika 100, anaandika dakika 20 na kumngoja mjumbe dakika 80. Ukimfukuza ukaajiri mwandishi mwenye kasi maradufu, dakika 20 zitakuwa 10, na kazi nzima itachukua dakika 90. Ukimpata malaika anayeandika papo hapo, bado zitabaki 80. Lakini ukimpa mjumbe baiskeli, akatumia dakika 8 badala ya 80, kazi itakwisha kwa dakika 28 na mwandishi ni yuleyule.

Hesabu hii ina jina. Inaitwa sheria ya Amdahl, kwa kumkumbuka Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani aliyetoa hoja yake mwaka 1967 alipokuwa akizungumzia kompyuta zenye prosesa nyingi. Kiini chake ni kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi inawekewa mpaka na sehemu ambazo hukuziharakisha.

Mjumbe wetu ni diski. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na kichwa kidogo kinaisoma kama sindano ya santuri. Yetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 8.3, kwa wastani kichwa kinangoja nusu yake, milisekunde 4 hivi, kabla kipande kinachotakiwa hakijapita chini yake, bila kuhesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo milioni 3 katika kila milisekunde. Kwa hiyo kila mara inapoomba kipande kimoja, hupiga mapigo zaidi ya milioni 12 ikiwa imekunja mikono. Na kufungua programu ni kuomba vipande maelfu.

RAM nayo huingia katika kisa hiki kwa mlango wa nyuma. Ikijaa, mfumo huchukua vitu visivyotumika sasa na kuvihamishia diskini, halafu huvirudisha vinapohitajika. Mtu anaona diski inahangaika na kuilaumu, kumbe anayemtuma mjumbe huyo huku na huku ni ufinyu wa meza. Tulikuwa na GB 4 tu, na ELAN imejengwa juu ya Java, ambayo si mgeni mwenye kula kidogo.

Kupima

Tulikaa Jumamosi nzima na daftari. Hatukuwa na chombo chochote isipokuwa saa ya simu na kile kidirisha cha Windows kinachofunguka ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ndani yake unaona prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika kila sekunde. Tulifanya kazi zetu za kawaida, mmoja akifanya na mmoja akiandika.

Kuwasha mashini hadi iweze kutumika kulichukua dakika 4 na zaidi. Muda mwingi wa kuwasha, diski ilikuwa asilimia 100, prosesa chini ya 20. Kufungua faili ya saa moja katika ELAN kulichukua dakika 6. Diski 100, prosesa 10, wakati mwingine 5. Fundi alitaka tumfukuze mwandishi ambaye muda wote huo alikuwa amekaa akingoja.

Kazi ya tatu ilikuwa tofauti. Mwenzetu anayechunguza toni ameandika hati ya Praat inayopita katika faili moja baada ya nyingine na kupima mwinuko wa sauti. Ilichukua dakika 11, na wakati huo diski ilikuwa karibu imelala. Prosesa ilisimama kwenye asilimia 50 bila kutikisika. Hapa kuna mtego, na nusura utunase. Tulidhani 50 ni nusu ya uwezo, kwa hiyo prosesa bado ina nafasi. Sivyo. Kwa prosesa yenye viini viwili, 50 ina maana kwamba kiini kimoja kinafanya kazi kwa nguvu zake zote na cha pili kinatazama, kwa sababu hati ile hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ndani ya i5 yenye viini vinne kidirisha kingeonyesha 25. Viini viwili vya ziada visingeisaidia hata kidogo. Kingesaidia tu ule ubora wa kila kiini, kwani cha mwaka 2011 hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo kuliko cha 2008 ingawa gigahezi zinakaribiana.

Nigusie pia joto, maana hapa kwetu kiangazi ni vumbi jekundu hadi ndani ya pua. Prosesa ikizidi joto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kusafisha feni na kubadilisha ile krimu iliyokauka kati ya prosesa na chuma chake cha kupoza ni kazi ya nusu saa, na mtu aifanye kabla ya kupima kitu kingine chochote. Tuliifanya. Mlio wa feni ulipungua. Saa za daftari hazikubadilika.

Diski

Kilichotusumbua ni zile dakika 6. Diski nzima na yenye afya ni polepole, lakini si hivyo. Mwenzetu mmoja alishauri tusome taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe juu ya hali yake. Programu ndogo ya bure, CrystalDiskInfo, huzionyesha, na yetu ilitoka na rangi ya njano. Sekta kadhaa zilikuwa zinangoja kuhamishwa: yaani diski ilijaribu kuzisoma, ikashindwa, ikajaribu tena na tena. Kila jaribio ni mzunguko mwingine wa sahani. Uzito tuliokuwa tukiulalamikia tangu Machi haukuwa uzee wa prosesa. Diski ilikuwa inakufa, na saa 31 zilikuwa juu yake.

Nakala nyingine? Ndiyo, za faili nyingi zilikuwapo, katika vijiti vya USB vya watu tofauti. Si zote. Kadi ya kinasa sauti tulikuwa tukiifuta kila baada ya wiki mbili ili tuitumie tena. Kosa hilo ni letu wenyewe na sitalipaka rangi.

Tuliacha kupima. Tulizima mashini, tukachukua dola 60 kati ya 140 na kununua diski ya nje ya TB 1. Kisha tuliiwasha mashini kwa Linux kutoka katika kijiti cha USB na kutumia programu iitwayo ddrescue. Naieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu mtu yeyote mwenye rekodi za uwanjani anapaswa kuijua. Ukinakili faili kwa njia ya kawaida kutoka diski mbovu, mfumo hukwama kwenye sekta mbaya ya kwanza na kuing'ang'ania, na kila jaribio linaichosha diski zaidi. Programu hii hufanya kinyume. Kwanza hukusanya kila kinachosomeka kwa urahisi, ikiruka palipo pabaya. Baadaye tu hurudi kwenye vidonda na kujaribu kuokoa kilichobaki. Na huandika ramani ya ilipofika. Ramani hiyo ndiyo iliyotuokoa, maana umeme ulikatika usiku wa kwanza, ukakatika tena usiku wa pili. Kila uliporudi, tuliiamuru iendelee, nayo ikaendelea pale ilipoachia badala ya kuanza upya. Usiku wa tatu ilimaliza.

Faili zote zilirudi isipokuwa moja, iliyorudi na matundu. Ni ya papa mmoja wa Panda aliyefariki mwezi wa Mei. Mahojiano yake yana dakika 52, na sekunde 19 zimepotea katika sehemu tatu. Mahali pake pana ukimya, kwa kuwa sekta zisizosomeka hujazwa sifuri. Tundu mbili hazina madhara. La tatu liko pale anapoeleza jina walilolipa zamu ya usiku na sababu ya kulipa. Sababu inasikika yote, na kicheko chake kinasikika, na jina lenyewe halimo. Nilikimbilia daftari langu la uwanjani. Nilikuwa nimeandika: “Jina la zamu ya usiku — tazama rekodi.” Tumewauliza wastaafu wengine watatu tangu hapo. Wawili hawalikumbuki. Wa tatu anasema ni yeye papa yule tu aliyekuwa akiliita hivyo, pamoja na kundi lake.

Kama tungemkubalia fundi, tungebaki na dola 10, ubao mpya uliotobolewa, prosesa yenye viini vinne, na diski ileile ikizunguka ndani ya kasha.

Fundi alipokuwa na haki

Kwa dola 80 zilizobaki tulinunua diski ya SSD ya GB 240 na RAM ya kuongeza, tukafika GB 8. (Windows yenu ikiwa ya biti 32, msijisumbue: haitaiona RAM inayozidi GB 4.) SSD haina sahani wala kichwa, hujibu ombi kwa muda wa sehemu ya kumi ya milisekunde, au karibu na hapo. Ubao wetu una njia ya diski ya kizazi cha pili, ya gigabiti 3 kwa sekunde, nusu ya ile ambayo SSD za kawaida za aina hii zimeandaliwa kwayo, na kuna watu watakaowaambia kwamba kwa sababu hiyo ni kupoteza fedha. Hoja hiyo ni kweli kwa anayehamisha faili kubwa moja. Anayefungua programu anaombaomba vipande vidogo, na kwake ni kungoja kunakoua, si upana wa njia.

Tulitia Windows ileile upya, leseni ikiwa hai kwa kuwa ubao haukuondoka, tukarudia vipimo. Kuwasha: sekunde 40. Faili ya saa moja katika ELAN: sekunde 18. Sehemu ya tofauti hiyo, kwa haki, ni ya kutoka kwenye diski mgonjwa. Aliye na diski nzima asitegemee muujiza mkubwa hivyo. Hati ya Praat: dakika 10 na sekunde 50. Sekunde 10 tu kati ya dakika 11! Tuliipenda namba hiyo kuliko zote, maana ilionyesha kwamba tulikuwa tumeelewa. Mahali ambapo prosesa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, baiskeli ya mjumbe haikubadilisha kitu.

Kwa kazi ya aina hiyo fundi alikuwa na haki, na kuna kazi ambayo ana haki zaidi. Mmoja kati yetu anataka kujaribu unukuzi wa sauti kwa mashini, kwa miundo kama Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwezi wa Septemba 2022. Hapo swali si mwendo peke yake. Prosesa za Intel zilianza kuwa na kundi la amri liitwalo AVX mwaka 2011, na AVX2 mwaka 2013. Programu nyingi za kujifunza kwa mashini zimejengwa zikidhani amri hizo zipo. TensorFlow, kwa mfano, katika matoleo yake yaliyo tayari kusakinishwa, ilianza kuzihitaji AVX tangu toleo la 1.6 la mwaka 2018. Core 2 Duo haina hata ya kwanza. Programu kama hiyo haiendi polepole juu yake. Inakataa, kama msemaji ambaye hana fonimu hiyo katika lugha yake. SSD wala RAM haiwezi kumfundisha. Huyo anahitaji prosesa nyingine.

Lakini hata yeye tulimshauri asibadilishe ubao ndani ya kasha letu. Mashini nzima iliyotumika, ya kizazi cha 4 kwenda juu, inakuja na ubao, RAM, kasha na kisanduku cha umeme vilivyokwisha kupatana, na mara nyingi bei yake haiko mbali na bei ya kupandikiza. Ubao na prosesa tungevibadilisha tu katika kasha la umbo la kawaida, lenye kisanduku cha umeme cha kawaida, RAM inayokubalika, na baada ya kuhakikisha katika kile kidirisha kwamba prosesa ndiyo iliyochoka. Sijaona mashini ya namna hiyo katika kitivo chetu, ingawa mafundi wa mjini wanazo.

Tulirudi kwa yaya fundi atutilie RAM, maana mikono yetu ilitetemeka. Nilimwonyesha kidirisha, na daftari. Alisoma namba kimya, akageuza ukurasa, akauliza: “Na hii ya dakika kumi na moja?” Nikamwambia hiyo ni ya prosesa. “Ah,” akasema, “mi nilisema.” Alitutoza nusu ya bei.

Tangu Oktoba mashini inatumia Linux, ambayo ELAN na Praat zote mbili zinaikubali. Hati ya toni bado inachukua karibu dakika 11. Mwenzetu huianzisha tunapokwenda kununua vitumbua.